Upande Alioketi Linus

Linus alijaliwa mdomo, hilo hakuna aliyelibisha. Katika bweni la walinzi kule Al Quoz, Dubai, ndiye aliyewasomesha wenzake siasa huku akisonga ugali.

"Mnajua kulia na kushoto zilitoka wapi? Ufaransa, wakati wa mapinduzi! Waliomtetea mfalme walikaa kulia kwa mwenyekiti wa bunge, waliotaka kumpunguzia nguvu wakakaa kushoto. Mwanzo ni viti tu. Mimi tangu chuo niko kushoto."

"Lakini siku hizi maneno yamehama," akasema Ashiraf, Mganda asiyemeza jambo bila kulitafuna. "Wa kushoto akishika serikali, naye anakuwa mfalme. Sasa kushoto ni nini?"

"Ni kusimama na mnyonge," Linus akajibu, wakampigia makofi.

Haikupita muda, mlinzi mwenzao Jecinta akazimia kwa jua akiwa langoni. Kampuni ikataka kumrudisha Kenya, eti ni mgonjwa. Walinzi wakaomba kuonana na arbab, mwenye kampuni, naye akakubali. Wakapatana wote wakae kushoto kwake kama wale Wafaransa, na Linus, msimamizi wao, aseme kwamba tatizo ni lango lisilo na kivuli.

"Kaka, watoto wangu wanakula kwa hii job," Jecinta alimwambia. "Nakutegemea."

Siku ilipofika wakaketi kushoto, Linus mbele yao. Arbab akaingia akitabasamu, akapigapiga mto wa kukalia uliokuwa kulia kwake. "Linus, yalla, njoo, wewe kaa hapa."

Kwa wenyeji, kulia ni kwa mgeni wa heshima, na kahawa huanzia huko. Linus alilijua hilo. Angeweza kushukuru akabaki na wenzake. Lakini aliinuka, tena, Mungu amsamehe, aliinuka kwa furaha, kifua mbele kama mwanafunzi aliyeitwa kupokea zawadi.

Akawa wa kwanza kumiminiwa kahawa. Arbab akamwinamia. "Sema kweli, msimamizi. Huyu dada anaiweza kazi?"

Linus akatazama ng'ambo. Jecinta alikuwa akimtazama bila kupepesa. Maneno ya kivuli yalikuwa pale pale ulimini, lakini mto ulikuwa laini na mzee alikuwa amemwita kwa jina.

"Kazi ni ngumu kwake, sir."

"Khalas, yamekwisha," akasema arbab.

Aibu ilimwingia Linus. Alitaka kuyarudisha maneno yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Jecinta alikwisha kusimama akijifunga mtandio. Hakumlaumu. Alimuaga arbab kwa adabu akatoka, na wenzake wote wakamfuata.

Linus alipolifikia basi la kampuni, walikuwa wameketi nyuma. Akataka kupita aende kwao. Ashiraf akamwonyesha kiti cha mbele, kulia kwa dereva, wala hakuwa anatania.

"Karibu, sir," akasema.