Msitu wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi Mokeira alitoka Kiogoro amebeba mkate na Biblia, akafika Nyacheki kabla ya kengele ya kanisa. Msitu ulikuwa umeshafika. Ulisimama pale pale ulipokatwa zamani kupisha majani chai, ukaifunika chai yote, na jua likitua ukaondoka. Ulichagua siku hiyo kwa sababu kijiji kizima ni Wasabato, na Msabato hashiki panga Jumamosi. Watu waliuzunguka wakienda ibadani.

Bibi yake, Nyanchama, aliyemwita Magokoro kwa Kikisii, ndiye pekee aliyebaki anayejua kuishi humo. Alimwonyesha mboga za kuchuma na za kuogopa, na jinsi ya kusikiliza ndege wanaojua maji yalipo. Mokeira aliuliza maswali mpaka bibi wa watu akachoka.

"Na moto wa vijiti, Magokoro?"

"Moto hatuwashi Sabato, mwanangu."

"Basi kesho."

"Kesho kijiti utakitoa wapi?"

Kweli, kila kitu cha msitu kiliondoka nao, hata mboga walizokula mchana. Jioni njaa ilirudi vilevile. Na macho ya Nyanchama yalizidi kufifia. Mokeira aliogopa sana kwamba bibi angekufa na moto wake.

Fred, mwana wa Nyanchama na mzee wa kanisa, ndiye mwenye shamba. Alilalamika kwamba chai yake inakosa jua. Yeye kukata mti Sabato? Mungu apishe mbali. Jumamosi moja alimwita Ochoki, Mkatoliki wa Marani mwenye msumeno wa injini.

"Mimi siku yangu ni kesho," Ochoki alisema, akauwasha. Fred akaenda kuongoza maombi.

Nyanchama, akiwa msituni na Mokeira, alisikia miti ikianguka. Akaketi, akavunja kijiti kikavu, akakisimamisha juu ya kipande cha gogo laini.

"Zungusha kwa viganja, ukikandamiza. Usipumzike."

"Na Sabato?"

"Hayo ni yangu na Mungu. Zungusha, wewe!"

Moshi ukatoka, kisha kaa dogo jekundu. Bibi akalipuliza ndani ya nyasi mpaka likashika. Mokeira alilia kwa furaha bila kuona haya.

Jumamosi iliyofuata msitu ulifika saa yake ya kawaida, visiki vitupu. Watu walivikalia wakisubiri kengele. Kanisani Fred alisimama akaomba mama yake aombewe, maana amewasha moto siku ya Sabato. Wote wakafumba macho, wakamwombea kwa moyo. Msumeno haukutajwa.