Kona ya Tatu ya Kiwanja cha Yunia

Yunia alikuwa bado anachota mchanga jikoni. Mafuriko ya mto Nyamwamba yalipita miezi mingi nyuma, lakini kila alipofagia, mchanga mwingine ulitoka chini ya ukuta kana kwamba umelipiwa kodi ya nyumba. Aliutia kwenye ndoo iliyopasuka mdomo, akaumwaga nje, kando ya mawe makubwa ambayo mto ulimletea bila kuombwa. Kisha akarudi kupuliza moto wa chai. Mtu wa ofisi ya ardhi alikuwa anakuja. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na Yunia aliomba asubuhi hiyo iwe kweli.

Mtu huyo, Benon, alifika kwa bodaboda, shati limenyooka, fomu zake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mpole. Upole huo ulimtia Yunia hofu, maana mtu mkali angalau unaweza kugombana naye.

"Mama, mambo iko hivi," Benon alisema akipokea kikombe. "Kiwanja yenye kona zote iko kwa nchi kavu, naandika leo, inabaki ya mwenyewe. Yenye kona iko ndani ya maji, hiyo ni ya mto. Watu yake wanahama."

"Wanahama kwenda wapi?"

"Hiyo ni ofisi ingine."

Kiwanja cha Yunia kilikuwa na pande tatu, kama sambusa. Kona mbili zilikuwa barabarani na mawe yake ya mpaka yalikuwepo bado. Ya tatu, upande wa mto, jiwe lake lilikwenda na mafuriko. Yunia aliamini mahali pake pamefukiwa na mchanga, upande huu wa maji. Majirani nao walimwambia hivyo hivyo, kwa sababu walimpenda.

"Pande unajua?" Benon aliuliza.

"Najua. Barabarani mita ishirini. Huu wa kushoto kumi na nne, ule kumi na sita. Marehemu mume wangu alipima, mimi nikashika kamba."

"Sawa. Lakini fomu inataka pembe pia. Pembe inapimwa kwa kona, na kona haiko. Nitaandika aje?"

Jolly, binti yake, alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Bwera. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja ili asimwache mama yake peke yake na watu wa fomu. Akatoa kikokotoo kwenye mkoba.

"Pande tatu inatosha, ssebo," alisema, akimwita bwana kwa heshima. " Pembetatu ya pande hizi iko moja tu. Haiwezi kuwa na pembe zingine."

Alizidisha kumi na nne kwa kumi na nne, kumi na sita kwa kumi na sita, akajumlisha, kisha akatoa ishirini mara ishirini. Zikabaki hamsini na mbili. Akazigawa kwa mara mbili ya kumi na nne mara kumi na sita, na kikokotoo kikageuza jibu kuwa pembe: digrii themanini na tatu, ukiacha vipande vidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa pembe ya kona ya mtoni. Kwa njia ile ile akapata hamsini na tatu, na arobaini na nne. Akazijumlisha zote mbele ya Benon. Mia na themanini.

Benon alicheka kwa furaha ya kweli. "Mwalimu! Wewe utaninyang'anya kazi." Akaziandika kwa wino. Yunia aliona fahari; kila tofali alilofyatua kumsomesha huyu mtoto lilikuwa limemrudia.

"Sasa tuone yenyewe iko wapi," Benon alisema.

Walifunga kamba kwenye kila jiwe la barabarani, moja ya mita kumi na nne, nyingine kumi na sita. Yunia akashika ncha zote mbili akatembea kuelekea mtoni. Zikikaza pamoja, hapo ndipo kona. Alipita nyuma ya nyumba, akapita mchanga, akapanda mawe. Alifika ukingoni. Kamba zilikuwa bado zimelegea.

"Mama," Jolly, aliyemfuata nyuma, alinong'ona kwa Lhukonzo, lugha yao ya nyumbani, "simama hapo hapo."

Benon alikuwa amebaki kule barabarani, anatazama milima. Labda aliitazama kwa makusudi, asione watakaposimama.

"Na pembe zako je?" Yunia alimuuliza binti yake.

"Achana na pembe!"

"Ameshaziandika. Kesho atakuja mwingine, atapima, atakuta kamba zimelegea. Atasema mjane ni mwongo, na hapo nitakosa hata pa kulia."

Yunia alikunja kitenge akaingia majini. Maji ya mlimani yalikuwa baridi ya kuuma. Yalimfika magotini, yakamfika mapajani, na hapo kamba zikakaza zote mbili. Jolly alijifunika uso akalia.

Benon alishuka hadi ukingoni. "Pole, mama," alisema, na ilikuwa pole ya moyoni. "Hesabu yenu iko sawa kabisa. Hiyo ndiyo shida." Akaandika neno moja: maji. "Sasa toka, baridi itakuumiza."

"Nitoke niende wapi, ssebo? Mimi niko ndani ya kiwanja yangu."

Benon aliitazama fomu, mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali pa kuandika hilo. Yunia akajizungushia kamba mkononi, akaendelea kusimama.