Nyimbo za Mpwa

Rose alikuwa na hakika na jambo moja tu: baba yake angesema ukweli, naye angerudi Kitangari kumnyonyesha mwanawe. Alijua kosa aliloshtakiwa si la faini ya sokoni. Ni jinai, na jinai ina jela.

Na kosa lenyewe, jamani! Kwenye kibanda chake cha stendi ya Newala alikuwa akiwaingizia wateja nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Wala hazikuwa za wageni, zilikuwa za baba yake mzazi, Mzee Ambrosi. Mzee alizitunga kwenye mikorosho yake, na ruhusa alimpa bintiye kwa mdomo wake. Kumbe binamu yake Optatus, mtoto wa shangazi, alikuwa amekwisha kusajili hakimiliki ya nyimbo hizo Masasi kwa jina lake, kisha akaenda polisi kushtaki wanaozidurufu. Polisi walipomjia kibandani na karatasi yenye jina la Optatus, Rose aliisoma mara tatu.

Wakili hakuwa naye. Siku ya utetezi alisimama kizimbani akamwuliza shahidi wake mwenyewe.

"Baba, iambie mahakama. Nyimbo hizi ni za nani?"

Mzee Ambrosi, aliyekuwa amekwisha kula kiapo, alijiweka sawa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Ni za Optatus."

Rose alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena, nani alizitunga?

"Nilizitunga mimi. Lakini ni za mpwa wangu. Dada yangu alipokufa nilisimama kwenye matanga, mbele ya ukoo mzima, nikasema kila nilicho nacho ni cha Optatus. Mjomba harudishi neno."

Hapo ndipo Rose alipoelewa, na laiti asingeelewa. Kila mjomba kwao husema hivyo matangani, kumpoza mpwa aliyefiwa na mama. Nani aliwahi kuamka kesho yake akaenda kuchukua jembe la mjomba? Ni Optatus peke yake aliyelichukua neno la msiba akalipeleka kwa wasajili. Mdomo huponza kichwa, wanasema, ila leo mdomo ulikuwa wa baba na kichwa cha binti.

Mzee hakuwa amemaliza. Alimgeukia hakimu kwa upole, akaeleza kwamba mwenye mali ni mpwa wake na aliyeichukua ni binti yake mwenyewe, watoto wa nyumba moja, kwa hiyo serikali isijisumbue, kesi hakuna. Hakimu aliandika kila neno. Mwendesha mashtaka alisema hana swali, shahidi ameshamthibitishia mashtaka, akaanza kufunga faili lake. Kule nyuma Optatus alitazama sakafu.

Rose alitaka kupiga kelele kwamba baba yake hakujua alichokisema, lakini hakimu alikuwa amekwisha kuinua mkono. Hakimu alisema hukumu itasomwa mchana. Rose alikuwa ameijua tayari, na maziwa yalikuwa yakimtoka, yakiilowesha blauzi yake.

Mzee Ambrosi aliposhuka alipita karibu na kizimba, uso umemkunjuka kabisa, akamnyooshea mkono.

"Twende nyumbani, mama," alisema. "Nimeshawaeleza."