Fundo la Nyumba ya Kenga

Jedida alilifunga kuti lile asubuhi, umande ungali kwenye majani ya muhogo, na hakumficha mtu. Alikata kuti bichi la mnazi, akalipasua katikati, akalipiga fundo na kulitundika juu ya kisima cha Mihirini, pale ambapo hata mtoto wa kutambaa angeinua macho akaliona.

Kwa Wagiriama wa bara ile ya nyuma ya Mambrui, kuti lililofungwa hivyo halihitaji maelezo. Likiwa kwenye mkorosho, usichume. Likiwa njiani, usipite. Likiwa kisimani, usichote. Na kila nyumba ina fundo lake, kwa sababu katazo lisilojulikana ni la nani halimzuii mtu yeyote. Fundo la nyumba ya Kenga, marehemu mumewe, lilizungushwa mara mbili kushoto, kisha ncha ikarudishwa ndani ikafichika. Kenga alimfundisha mwaka aliomwoa. Sasa waliobaki kujua kulifunga walikuwa wawili tu, yeye na shemejiye Ziro, mdogo wake Kenga.

Alikuwa na sababu. Mwaka wa tatu ule tangu kampuni izungushe ua kule juu na kuleta nguruwe, maelfu kwa maelfu, wamefungiwa ndani ya mabanda marefu ya mabati. Mavi yao yalikusanywa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nyeusi. Plastiki ikachanika, na kila mvua iliponyesha yakateremka. Kisima kikaanza kunuka. Mbuzi wakatupa mimba. Kisha Cynthia, mjukuu wa miaka mitano, akaharisha wiki mbili mpaka macho yakaingia ndani, na kule hospitali mamake, Nelly, akaambiwa asimpe tena maji yale. Kijiji kilikwisha kuandika barua. Watu walikuja wakachukua maji kwenye chupa, wakaandika, wakaenda zao, na hapana aliyerudi kusema neno.

Basi Jedida akafunga kuti. Akafuata kijito mpaka uani, pale bomba la kampuni lilipotoka chini ya waya likitema maji meusi, akafunga la pili juu ya bomba lile. Hilo ndilo lililomponza.

Vijana waliolisha nguruwe wengi walikuwa wa vijiji vya hapo hapo. Walipofika kazini wakaliona, na wakageuza njia. Si kwamba waliogopa kudhurika. Kuti la mtu huheshimiwa mpaka mwenyewe aulizwe, na ndivyo walivyolelewa. Siku mbili nguruwe hawakupata chakula. Siku ya tatu gari la polisi likasimama mbele ya jiko la Jedida, naye anamenya muhogo, akaambiwa anashtakiwa kwa kutisha watu kwa uchawi.

Alidhani hakusikia vizuri. Akaomba karatasi. Alisoma miaka minne tu utotoni, lakini kusoma anasoma, pole pole, kidole chini ya kila neno. Neno lilikuwa pale, na jina lake kando yake.

Mtu wa mbali aweza kuliona hilo jambo dogo, mahakama itaamua. Huku si dogo. Mwaka juzi tu mzee Thoya, jirani wa mashamba matatu, alinong'onezwa kuwa mchawi, na kabla mwezi haujaisha alikutwa kwenye mtama wake amekatwa mapanga. Hapana aliyekamatwa. Wazee wa Mihirini wakaanza kupaka nywele piko ziwe nyeusi, kwa maana mvi pekee zilitosha kumfanya mtu atazamwe. Thoya alinong'onezwa tu. Jedida aliandikwa kwa mashine na kupigwa muhuri.

Ziro ndiye aliyemdhamini. Alikwenda Malindi na kitambulisho chake na barua ya chifu, akamtoa rumande, akamrudisha nyumbani akimshika mkono kama bibi harusi, na njia nzima akimtania kwamba tangu Kenga afe hajapata kutembea na mwanamke mzee mkaidi namna hii. Jedida alicheka. Alimpenda Ziro.

Lakini watu walikwisha kubadilika. Fridah, jirani aliyekuwa akiazima kinu kila Jumamosi, alikirudisha kwa mkono wa mtoto na hakuja tena. Kanisani benchi lilielemea upande mmoja, kwa vile alilikalia peke yake. Nelly alileta piko kutoka sokoni, akamketisha uani, akampaka, na Jedida akakubali kichwa chake kishikwe. Piko ilipokauka alijitazama kwenye sufuria iliyosuguliwa, akaona kikongwe aliyevaa nywele za mtu mwingine.

Juma moja kabla ya kesi alikuja Hesbon, meneja wa kampuni, na viatu vyake vya mpira, na Ziro nyuma yake. Hesbon alikuwa mtu mpole wa maneno. Alisema shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasifu mihogo. Kisha akatoa karatasi. Jedida akisaini, kampuni itaomba kesi iondolewe, naye alale salama kwake. Tena kampuni itachimba kisima kingine, siku moja, bajeti ikiruhusu.

Jedida akaisoma, kidole chini ya maneno. Ilichukua muda, na Hesbon akatazama saa mara mbili. Karatasi ilisema kwamba yeye Jedida, kwa kukosa elimu, alifanya kitendo cha kichawi, na anaomba radhi. Na kwamba hana malalamiko yoyote kuhusu maji.

"Hapa mmeandika nilifanya uchawi," alisema.

"Ni lugha ya mawakili tu, nyanya. Isikusumbue."

"Mawakili hawalali Mihirini."

Hesbon akatabasamu, akaiacha karatasi juu ya kinu na kwenda kungoja garini. Ziro akabaki. Alichutama mbele yake, akamweleza mambo aliyokwisha kuyajua: kwamba wanawe wote wawili wanafanya kazi mle ndani ya ua, kwamba wameambiwa kesi ikiendelea hawatakuwa na kazi, kwamba yeye ni mdhamini na akikosea kidogo atakamatwa yeye. Kisha sauti ikamshuka.

"Shemeji, tia jina lako yaishe. Mimi nakuomba. Kenga angekuwapo angekuomba."

"Kenga angekunywesha maji yale kikombe kimoja," Jedida alimjibu, "halafu ndipo mzungumze."

Ziro akainuka bila kutania.

Siku ya kesi Nelly alimsindikiza mpaka mahakamani Malindi. Nje ya chumba walimkuta wakili Ruqaiya, binti wa mjini, buibui lake limepigwa pasi vizuri, aliyejitolea kumtetea bila malipo. Alimwamkia kwa heshima, akamketisha, akamweleza taratibu kwamba akisaini karatasi atakuwa amekiri, na kukiri hubaki kwenye faili hata yeye akiwa kaburini. Asiposaini, kesi itaahirishwa na kuahirishwa, pengine miaka, na kila mara neno lile litasomwa kwa sauti mbele za watu. Hakumdanganya kwamba kuna njia ya tatu.

"Na kuna jambo, nyanya," Ruqaiya alisema. "Wana shahidi aliyeapa kwamba fundo lile ni la nyumba yako. Jina lake wamelificha. Wewe wadhani ni nani?"

Jedida alisema hajui. Alikuwa akitazama mikono yake.

Waliliingiza lile kuti la bombani ndani ya mfuko wa plastiki, limekauka, limekuwa la kahawia, wakaliweka mezani kama kidhibiti. Karani alipolisogeza lilichakarika, na askari mmoja akarudi nyuma hatua nzima. Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Kisha shtaka likasomwa. Jedida akaulizwa ni kweli au si kweli. Hesbon alikuwa benchi ya mbele na nakala ya karatasi yake ndani ya faili la bluu, kalamu juu yake.

"Kuti nililifunga mimi," alisema. "Fundo ni la kwangu, sikulificha, ili anayetaka kuuliza aje kuniuliza. Hapana aliyekuja. Maji ni mabaya na mjukuu wangu nusura afe. Uchawi sina."

Hakimu akaandika kwamba amekana. Kesi ikapangiwa mwezi wa tano unaofuata. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya muhogo wa chakula cha mchana.

Alasiri walishuka barabarani, wakashika njia ya mashamba. Nelly ndiye aliyetangulia kuona, akasimama ghafla, akarudi kumshika mama mkwe wake kiwiko.

Kuti bichi lilikuwa limetundikwa juu ya mlango wa Jedida. Lilikuwa la siku hiyo hiyo; utomvu ulikuwa haujakauka mahali pa kisu. Mtu asiingie humu. Mtu asishiriki na wa humu.

Nelly alisema walikate upesi kabla watu hawajaliona. Jedida akasema ngoja. Alisogea, akainua uso, akalitazama fundo. Lilizungushwa mara mbili kushoto, na ncha ikarudishwa ndani ikafichika.

Nyuma yake Nelly akaanza kulia. Ziro alimfunga viatu Jedida siku ya mazishi ya Kenga, mikono yake yeye ilipokataa kushika. Ndiye aliyemtoa rumande. Na ndiye, sasa alijua, aliyesimama mbele ya maaskari akawasomea lile fundo la bombani.

"Leta kigoda," akamwambia Nelly.

Hakulikata. Alipanda juu ya kigoda, akalifungua kwa kucha, ncha kwanza, kisha mzunguko, kisha mzunguko wa pili, kama lifunguliwavyo na mwenyewe, kwa maana fundo lilikuwa la nyumba yake na haki ya kulifungua alikuwa nayo. Akashuka na kuti mkononi, akaenda kisimani.

Kule juu ya kisima lile la kwanza halikuwapo tena. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya madumu, Fridah mbele. Jedida akawaamkia. Wachache wakaitikia. Akalipiga kuti fundo upya, akalitundika pale pale pa mwanzo, akavuta kuona kama limekaza.

Fridah alisubiri amalize. Kisha akainama, akapita chini ya kuti bila kuligusa, akateremsha ndoo. Hapana maji mengine ya karibu, na Fridah ana watoto sita.

Jedida hakumlaumu. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, chini ya kuti lake, jua likimpiga utosini na mvi zikianza kuchungulia chini ya piko, mahali ambapo mtu yeyote anayepita na panga, akielekea shambani kwake au pengine, angemwona waziwazi.

"Yachemsheni," aliwaambia, mmoja mmoja kadiri walivyofika. "Hata hivyo watoto msiwape."