Jibu Alilowekewa Mwalimu

...na kumbe mkewe, kwa dada yake, alikuwa akisema lile lingine, kila siku, hapa hapa penye magunia, na Maate amesimama mbele ya kibanda cha Docus sokoni Bwera, kofia mkononi, anatazama sahani ya mizani ikipanda na kushuka wala haoni maharagwe yaliyomo, maana shemeji yake amemsalimu kwa Kiingereza, kwa utani, kama alivyozoea, "How are you, mwalimu?" na kabla hajajibu akaongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayepangusa vumbi mezani, "Wacha, najua utasema fine. Sisi, Tabisa alikuwa anatuambia somehow tu mpaka mwisho. Fine alikuwekea wewe. Alisema mwalimu hapendi ile ingine," kisha akamgeukia mteja wake, Laurentine wa ng'ambo ya mpaka, anayelalamika kwamba maharagwe ya leo iko na mawe mingi... Alimwekea. Kama mtu anavyomwekea mumewe chakula. Somehow. Yeye ndiye aliyelifukuza neno hilo, walipokuwa bado wachumba, yeye na shahada yake mpya ya Kiingereza, akamwuliza Tabisa hali, na Tabisa, msichana wa Kyarumba kule milimani, mzigo wa kahawa kichwani, shingo imenyooka, akajibu "Somehow", kama wanavyojibu watu wote wa huku, si mzima sana, si mgonjwa sana, nipo tu, Mungu anajua, yote hayo ndani ya neno moja, naye Maate akacheka, akamwambia hilo si jibu, Waingereza hawajibu hivyo, sema "I am fine, thank you", na Tabisa akarudia huku amebana midomo kama bibi wa misheni, wakacheka wote wawili, ukawa mchezo wao wa ndoa nzima, kila jioni alipompigia simu kutoka Kasese anakofundisha, mkewe akiwa huku na dada yake na magunia yao, how are you, I am fine, thank you... "Punguza basi, Mama Docus, hii mawe yote nitapikia nani?" na Docus anajibu kwamba mawe ni ya bure, yeye anauza maharagwe tu, na wanawake wa vibanda vya jirani wanacheka, na kicheko hicho kinapita mbali na Maate kama redio ya nyumba ya pili... yeye, aliyesimama darasani miaka yote akiwafundisha watu kwamba maneno hayakai mahali pamoja, kwamba "nice" Waingereza wa kale walimwita nalo mjinga, kwamba "silly", ambalo leo ni tusi, lilikuwa la mtu aliyebarikiwa, kwamba hakuna mfalme aliyeyaamuru yahame, ni watu wa kawaida tu waliohama nayo kwa haja zao, na wanafunzi wakastaajabu, na yeye akafuta ubao, akatoka, akampigia mkewe simu na kumnyima neno moja ambalo watu wa milimani walikuwa wamelihamisha wenyewe, kwa sababu salamu waliyoletewa haikuwa na mahali pa kuweka maumivu madogo... Madogo. Tumbo lilianza lini? Docus alijua. Docus aliuliza asubuhi, somehow, kesho yake somehow, na kila siku neno likazidi uzito mpaka akamshika mkono akampeleka hospitali, na jioni, kwenye simu, Tabisa akiwa labda ameegemea gunia hili hili, mkono mmoja tumboni, fine, thank you, and you, mwalimu? na mwalimu akalala usingizi mzuri Kasese. Na Jumamosi alipokuja, akaandaliwa ugali wa muhogo na samaki, mkewe hagusi chakula, ameonja jikoni, anasema, na gauni limepunguzwa kiunoni, akaliona, Mungu wangu, aliliona lile gauni, akamwambia limempendeza... Hakumdanganya. Tangu wamzike mwaka jana, 2014, amekuwa akijiambia ugonjwa ulimficha hata Tabisa mwenyewe. Haukumficha. Tabisa alimpa jibu aliloagizwa, safi, bila kosa hata moja.

"Eh, shemeji, sijasikia jibu," Docus anasema, mkono bado ndani ya maharagwe, na Maate anafungua mdomo alitafute lile la milimani, analitaka, linamstahili leo kuliko siku zote, liko tayari ulimini, lakini kinachotoka ni kile kile cha miaka yote, polepole, midomo imebana, "I am fine, thank you," na kwa mara ya kwanza analisikia kama Docus alivyokuwa akilisikia, kutoka upande huu wa simu. Sahani ya mizani haijatulia bado. Docus ameacha kutabasamu. Anamtazama mkanda uliokazwa hadi tundu la mwisho, ukosi wa shati uliomlegea shingoni. Anamwambia Laurentine angoje kidogo, anasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa," anasema. "Umekula lini?"