Sufuria Iliyoteremka Bondeni

Kwetu Qalani, juu kabisa kwenye uwanda wa Bolivia, maharage yakibandikwa asubuhi yanaepuliwa jioni. Tulizaliwa tukayakuta hivyo na hakuna aliyewahi kuhoji. Aliyehoji ni binti yangu Wara, wa darasa la nne, aliporudi kutoka kwa shangazi yake bondeni.

"Mwalimu, mbona kwa shangazi yanaiva kabla ya mchana?"

Mwalimu Nieves Quisbert jibu alilijua. Lakini hakulitoa, aliwauliza watoto wanaonaje. Kila mmoja akawa na lake: ni maji ya kule, ni kuni, maana sisi tunapikia mavi makavu ya lama, wanyama wetu wa sufu, ni maharage yenyewe. Mama mkwe wangu, Bibi Casimira, alipopata habari naye hakukosa la kusema.

"Watu wa bondeni laini, na maharage yao laini. Huyo mwalimu anawapotezea watoto muda."

Kesho yake mwalimu akabisha hodi kwetu.

"Shikamoo bibi. Naomba maharage yako, yale magumu kabisa."

"Marahaba. Ya nini?"

"Nataka kuyatembeza."

Bibi alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akampa bakuli zima.

Nusu yake waliipika shuleni. Maji yalipotokota, kipimajoto kilipanda hadi nyuzi themanini na saba kikasimama hapo. Watoto wakachochea moto hadi machozi yakawatoka, lakini wapi.

"Kimegoma," Wara akasema.

"Una hakika ni chenyewe kilichogoma?" mwalimu akamuuliza, akaliacha hapo.

Jumamosi mimi, mwalimu na watoto wa darasa lake tukapanda lori la Zenón, anayeshusha viazi vikavu bondeni na kurudi na machungwa. Tulibeba sufuria ile ile, maji ya kisima chetu, gunia la mavi ya lama na maharage yaliyobaki. Mimi nilikwenda kama mpishi. Pale juu kwenye theluji, kabla barabara haijaanza kuteremka, mwalimu alimwambia Wara anywe maji ya chupa yake ya plastiki yaishe, aifunge kabisa na asiifungue.

Tukateremka, makoti yakivuliwa moja moja. Karibu na migomba ya kwanza Wara akaiona chupa imebonyea, imejikunja kama soksi.

"Efraín, umeikalia," akamwambia mwenzake wa darasa.

"Nimeikalia saa ngapi? Si nimekaa huku na mama yako?"

Ni kweli, alikuwa ubavuni kwangu. Walibishana, na mwalimu akawaacha wabishane. Mwishowe Wara akafungua kizibo. Chupa ikavuta pumzi, fyuu, ikajaa tena. Mtoto akaitazama.

"Hewa ya huku inakandamiza zaidi," akasema polepole.

"Endelea."

"Basi inayakandamiza na maji. Mpaka yatokote, lazima yapate moto kuliko ya kwetu."

Mwalimu hakumpigia makofi. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tulipika uani kwa shangazi. Kipimajoto kilipopita themanini na saba watoto walianza kuhesabu kwa sauti, mpaka tisini na tano. Zenón hajamaliza kupakia machungwa, maharage ya Bibi Casimira tayari yanapondeka kwa vidole. Tuliyala na ndizi za kuchemsha, na Efraín akasema hajawahi kula jibu tamu namna ile.

Mimi nilisoma shule hiyo hiyo. Tuliimba majina ya mifupa yote ya mwili, na hata mmoja wetu hakuuliza kitu. Siku hiyo nilimtazama mwalimu, yule mwanamke mwembamba, masizi mikononi, nikamwonea fahari kana kwamba ni ndugu yangu.

Tukirudi, lori likipanda, Efraín akashika masikio. Yanaziba na kuzibuka, akasema, kwa nini?

"Wewe unaonaje?" mwalimu akamuuliza.

Zenón akazima redio ili asikie.