Kibao Kilichorudishwa

Soud Humaidi alikuwa na jambo moja la kujivunia, na Tabora nzima ilikwisha kulisikia mpaka ikachoka: tangu afungue duka lake la kutengeneza redio, hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. Wengine walisema ni kweli. Wengine walisema watu waliogopa kurudisha, maana ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pasi yake ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya.

Mwaka ule wa vijiji, watu wakihamishwa huku na huko na kila mtu akiitwa ndugu, aliingia dukani mwalimu wa kwaya jina lake Modest, kutoka kijiji kipya cha ujamaa upande wa Urambo. Alibeba kinanda cha kigango chao, kanisa dogo la kijijini, ndani ya gunia. Mchwa walikwisha kula mbao na ngozi ya mifuko ya upepo. Vilivyosalia ni vibonye vya mfupa tu.

"Ndugu fundi, nisaidie. Krismasi hiyo inakuja."

"Mimi ni fundi redio, si mwosha maiti," alisema Soud. "Hiki kizike."

Alisema hivyo huku mkono wake ukiwa tayari ndani ya gunia, ukivihesabu vibonye. Kila fundi redio anajua kwamba transista ikiunganishwa vibaya hupiga mluzi. Miaka yote hiyo Soud alilipwa kuunyamazisha mluzi ule. Sasa akajiuliza: je, ukifugwa badala ya kufukuzwa?

"Nani atakipiga?" aliuliza.

Modest alisita. "Yuko nje."

Barazani alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono ameifunika kwa khanga. Aliitwa Josepha. Alijifunza kinanda kwa masista akiwa binti, kisha akaugua ukoma, akakaa kambi ya wakoma miaka sita. Alipona. Alikuwa na cheti cha daktari kinachosema amepona, na alitembea nacho kifuani kama watu wengine watembeavyo na kadi ya chama. Kijijini walikisoma cheti, wakakikubali, na bado walimtengea kikombe chake peke yake. Katika kwaya alisimama hatua mbili nyuma ya wenzake. Ila hakuna mwingine aliyejua noti, kwa hiyo mahali pake duniani palikuwa pale penye kinanda, na kinanda kimeliwa na mchwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Niione hiyo mikono."

Akaitoa. Wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia, vidole viwili vya mwisho vimejikunja, na kuanzia kifundo kwenda chini hausikii baridi wala moto. Soud alirudi nyuma kidogo. Alirudi, tusimsitiri; na aibu ikampata papo hapo, kwa sababu mwanamke yule aliona na hakushangaa. Basi akatandika karatasi mezani, akaushika ule mkono wa kulia kwa mkono wake, akaulaza juu ya karatasi, akauzungushia penseli taratibu kidole kwa kidole. Josepha alitazama ukutani. Tangu atoke kambini hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono.

Mchoro ule ndio uliokuwa ramani ya kazi yote. Soud alikata vibao vitano vya plaiwudi. Kimoja kilipiga mluzi, kimoja kiliupandisha na kuushusha kufuatana na vibonye, kimoja kililainisha sauti, kimoja kiliitetemesha kidogo kama mtu mwenye hisia, na cha tano kilileta umeme na kuongeza nguvu. Hakuviunganisha moja kwa moja. Kila kibao alikifanya cha kuchomoka, kwa sababu Urambo si jirani: kimoja kikiugua, kije peke yake Tabora kwa treni, vingine vibaki kanisani.

Vitufe vya kuzungusha alivitupa, kwani vidole vya Josepha havikuweza kuzungusha. Badala yake alichonga vijiti vya mninga vya kusukumwa kwa ubavu wa kiganja. Mara tatu Josepha alikuja na treni kujaribu, na mara tatu Soud alivipanga vibao upya, hiki kushoto, kile karibu zaidi, mpaka mkono wa kushoto ukacheza wimbo na wa kulia ukaongoza sauti bila kuhangaika.

"Fundi, sasa umeniharibu," Josepha alisema siku ya tatu, akicheka. "Nitajiona mtu."

Kwa kibao cha tano Soud alijiona hodari mno. Kijijini kulikuwa na betri ya trekta, yenye nguvu kuliko iliyotakiwa, na kuipunguza kulihitaji rezista kubwa inayopata moto. Akaifunga chini ya bati alilolikata kwenye mfuniko wa sufuria, ili bati liipoze. Juu ya bati hilohilo ndipo kifundo cha mkono wa Josepha kingeegemea. Alijaribu kwa wimbo mmoja. Bati likawa vuguvugu, akaridhika. Lakini kwaya haifanyi mazoezi kwa wimbo mmoja.

Jumamosi ya mazoezi Soud alisafiri mwenyewe kwenda kushuhudia sifa zake. Kanisa lilikuwa la nyasi, watu wamejaa hadi nje. Josepha akakaa, akasukuma kijiti, na sauti ikatoka nyembamba, ikanenepa, ikajaza kanisa. Hata Soud, ambaye sala zake ni za msikitini, alijikuta akitikisa kichwa kufuata wimbo. Waimbaji walisogea bila kujijua, zile hatua mbili zikawa moja, kisha hapakuwa na hatua. Saa nzima ikapita, na nusu yake.

Ndipo Tekla, mwimbaji aliyekuwa karibu zaidi, akapiga ukelele.

"Mkono wake! Jamani, umerudi! Ugonjwa umerudi!"

Josepha alitazama. Chini ya kifundo ngozi ilikuwa imevimba lengelenge kubwa, jeupe, limepasuka ukingoni. Hakuwa amesikia kitu. Watu walirudi nyuma kwa pamoja, viti vikaanguka. Josepha hakubisha. Akaufunga mkono kwa khanga, akatoa kile cheti kifuani, akakitazama, akaanza kukikunja kidogo kidogo.

Soud alielewa kabla hajaligusa bati. Alipoligusa kwa kidole akakirudisha haraka. Na hapo, Mungu amsamehe, alinyamaza. Hakuna aliyemtazama yeye. Angeweza kupanda treni ya jioni na jina lake likiwa safi kama alivyokuja nalo.

"Si ugonjwa," akasema mwishowe. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Si ugonjwa! Ni kazi yangu mbovu. Bati hili linaunguza. Nimemchoma mimi."

"Fundi anamsitiri," mtu mmoja akasema nyuma. "Mtu achomwe saa nzima akae kimya?"

"Hasikii! Mkono wake hausikii, na mimi nilijua!"

Hawakuamini. Aliziona nyuso, akajua maneno hayatatosha. Akakunja mkono wa kanzu, akakilaza kifundo chake mwenyewe juu ya bati, palepale ulipokuwa mkono wa Josepha.

"Mwalimu, imbisha," alimwambia Modest. "Wimbo mzima."

Modest alianza. Hakuna aliyemwitikia. Ubeti wa kwanza Soud alistahimili. Wa pili machozi yalimtoka yenyewe, na meno yakasagana. Hakuutoa mkono.

Aliyeutoa ni Josepha. Alimvuta kwa nguvu hata akapepesuka.

"Toa! Una wazimu? Mimi sisikii, fundi. Wewe unaumia!"

Alikigeuza kifundo cha Soud kuelekea mlangoni penye mwanga. Lengelenge lilikuwa linavimba, jeupe, mahali palepale. Akafungua khanga yake na kuuweka mkono wake kando ya ule. Watu wakasogea kutazama.

"Maji," Josepha akasema. "Ya baridi, safi." Kambini alikuwa amefundishwa kuuguza vidonda vya wenzake, na sasa aliamuru kama muuguzi.

Tekla ndiye aliyekwenda. Alirudi na beseni la maji na kata, akapiga magoti, akamimina kwanza juu ya mkono wa Soud. Kisha akasita na kata mkononi. Akaushika mkono wa Josepha, akaulaza juu ya kiganja chake, akamimina.

Soud alipanda treni ya jioni mkono ukiwa umefungwa kitambaa, na kibao cha tano kwapani. Vingine vinne vilibaki kanisani. Kabla ya Krismasi alipeleka kipya, uso wa mbao, rezista imetengwa nyuma kabisa ya sanduku penye upepo.

Kile cha bati la sufuria alikitundika dukani juu ya meza yake. Wateja walipouliza ni kitu gani, alikunja mkono wa kanzu wakaona kovu, akasema, "Hiki kilirudishwa." Kisha akachukua redio ya aliyeuliza, akaiwasha, na kuiacha ilie kwa saa mbili nzima mbele yake kabla ya kumkabidhi.